Tetemeko la Sonora na Nyumba ya Binti Yangu

Binti yangu wa tatu ni muuguzi katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, kusini-magharibi ya Marekani. Ni mji wa jangwani. Mvua yake ya mwaka mzima ni kama milimita 300 tu, na sisi wa Bukoba tunaopata zaidi ya mara tano ya hiyo tungeona kwamba mahali hapo hapafai hata kwa mbuzi. Lakini watu wanaishi, tena wengi: ukichanganya mji na viunga vyake wanafika milioni moja. Huko alinunua nyumba kuukuu katika mtaa uitwao Barrio Viejo, yaani Mtaa wa Kale, ambao sehemu yake kubwa ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kupisha ukumbi mkubwa wa mikutano. Zilizosalia ni nyumba zenye kuta nene za udongo na milango inayofunguka moja kwa moja barabarani.

Benki iliyomkopesha fedha ilimtaka akate bima ya nyumba, jambo ambalo huko ni la kawaida. Miongoni mwa karatasi alizoletewa kulikuwa na moja iliyomwuliza kama anataka nyongeza ya mkataba kwa ajili ya tetemeko la ardhi. Atie saini ndiyo, au atie saini hapana. Jioni hiyo, ambayo kwangu ilikuwa alfajiri, alinipigia simu.

"Shikamoo Baba. Nimekuamsha?"

"Marahaba, mama. Nilikuwa macho. Kuna nini?"

"Wananiuliza habari ya tetemeko. Wewe ndiye unayelijua. Nitie saini wapi?"

Nilimjibu palepale, bila kufikiri: "Tia ndiyo." Akashukuru, akasema atafikiri, akakata simu.

Hapana budi nimweleze msomaji kwa nini nilijibu upesi namna ile. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, mnamo saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa nimeketi barazani kwangu nikisahihisha mswada wa rafiki yangu. Kwanza nilisikia mngurumo, kama lori lililobeba kokoto linapanda kilima. Halafu kiti kikanitoka. Tetemeko lile la Kagera lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na liliua watu 17. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata wanafunzi wakarudishwa makwao. Nyumba yangu haikuanguka. Ilipasuka kuanzia pembe ya dirisha la sebule hadi kwenye kenchi, ufa wa kuingiza ngumi, na ukuta wa chumba cha nyuma uliegemea nje kama mlevi anayetafuta mti. Ile ndiyo nyumba niliyoijenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi na minne ya mshahara wa mwalimu.

Nilikuwa na bima. Ndiyo, msomaji, mimi niliyekuwa mkuu wa chuo nilijiona mjanja kuliko majirani, kwa kuwa nilikuwa nimekata bima ya moto. Kijana wa kampuni (sitaitaja) alikuja, akautazama ufa, akapiga picha, akanionyesha kwa adabu sana mstari mmoja katika ukurasa wa pili wa mkataba ambao ulisema kwamba hasara itokanayo na mtikisiko wa ardhi haimo. Saini iliyokuwa chini ya ukurasa ule ilikuwa yangu, tena yenye mbwembwe. Nilifundisha walimu kwa miaka mingi kwamba swali lisomwe mara mbili kabla ya kujibiwa.

Kwa hiyo niliposema "Tia ndiyo" sikuwa ninaisemea Tucson. Nilikuwa ninausemea ule ukuta wangu. Baada ya siku mbili tatu niliona haya. Somo langu lilikuwa historia, na nilikuwa nimetoa hukumu juu ya mji ambao sikuujua historia yake. Nikamwomba binti yangu anitafutie chochote kilichoandikwa juu ya matetemeko ya huko. Alinitumia kurasa nyingi, na baadaye nilipokwenda kumtembelea nikasoma zaidi katika maktaba za mji. Ninayoyasimulia hapa ndiyo niliyoyakuta.

Jumanne ya tarehe 3 Mei 1887, alasiri, ardhi ilipasuka katika bonde la San Bernardino, kaskazini-mashariki ya jimbo la Sonora, nchini Mexico, kusini tu ya mpaka wa Marekani. Wataalamu wa leo wanakadiria kwamba ukubwa wake ulikuwa kama 7.5. Tusidanganywe na tofauti ndogo ya tarakimu kati ya hilo na letu la 5.9: kila hatua moja kamili ya kipimo hicho ni nguvu zipatazo mara thelathini na mbili, kwa hiyo la Sonora lilikuwa na nguvu kuzidi la Kagera kwa zaidi ya mara mia mbili. Mpasuko ulionekana juu ya ardhi kwa urefu wa kilomita zipatazo 100, na mahali pengine upande mmoja ulishuka na kuacha ngazi ya udongo ndefu kuliko mtu mzima.

Katika mji mdogo wa Bavispe walikufa watu 42. Jumla ya waliokufa katika eneo zima ilikuwa kama 51, kwa hiyo msomaji ataona kwamba msiba ule ulikuwa hasa msiba wa mji mmoja. Siku hiyo kwa Wakatoliki wa Mexico ni sikukuu ya Msalaba Mtakatifu. Kanisa lilianguka juu ya watu. Nyumba nazo, ambazo zilijengwa kwa matofali mabichi ya udongo na kuezekwa kwa boriti nzito zilizobeba udongo mwingine juu yake, zilikaa chini kama vichuguu. Tofali bichi hubeba uzito wa juu vizuri sana, hata kwa karne tatu. Likisukumwa kwa ubavu halina la kushikilia: kuta zinaachana pembeni, boriti zinachomoka, paa linashuka lote kwa pamoja.

Aliyetuachia habari nzuri za mambo haya ni daktari wa mji wa Tombstone, Arizona, aitwaye George Goodfellow. Wasomaji wa rika langu waliokuwa wakitazama sinema za wachunga ng'ombe zilizoletwa na gari la sinema miaka ya 1960 wanalikumbuka jina la Tombstone kwa ajili ya risasi, na daktari huyu kweli alipata sifa kwa kutibu watu waliopigwa risasi. Lakini alipopata habari za Bavispe alivuka mpaka akaenda kuwahudumia majeruhi. Halafu akarudi tena kuupima mpasuko, pamoja na mpiga picha Camillus Fly, ambaye picha zake za ile ngazi ya ardhi ni miongoni mwa za kwanza kupigwa za aina hiyo. Serikali ya Mexico chini ya Rais Porfirio Díaz ilimtunuku nishani, na farasi. Nawapenda watu wa namna hii, wanaofunga kidonda kwanza na kupima shimo baadaye.

Sasa Tucson ilipatwaje? Wakati huo ulikuwa mji wa watu elfu chache tu, reli imefika mwaka 1880, na Arizona yenyewe haijawa jimbo kamili. Ilikuja kuwa mwaka 1912. Kitovu cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Watu walikimbilia barabarani, saa za ukutani zikasimama, kuta zikapata nyufa. Katika milima ya Santa Catalina, inayouzunguka mji kwa upande wa kaskazini, majabali yaliporomoka na kutimua mawingu makubwa ya vumbi. Watu walioyaona wakadhani volkano imelipuka. Mahali pengine mawe yaliyogongana yakatoa cheche na kuwasha majani makavu, na moto ukaonekana milimani usiku, jambo lililowathibitishia wenye hofu kwamba hofu yao ilikuwa kweli. Kwenye kanisa la misheni la San Xavier del Bac, lililokamilika mwaka 1797, ukuta wa ua uliharibika. Mwanzoni mwa karne ya 20 Askofu Henri Granjon ndiye aliyelifanyia matengenezo makubwa. Nililitembelea. Ni jeupe kiasi cha kuumiza macho, na mnara wake mmoja haujamalizwa hadi leo, ingawa tetemeko halihusiki na hilo.

Ndani ya mji wa Tucson hapakuanguka mitaa. Nyumba za udongo kama ile ya binti yangu zilitikiswa, zikapasuka hapa na pale, zikapakwa plasta, maisha yakaendelea.

Hapa ndipo nilipoanza kulitazama lile jibu langu la simu kwa jicho jingine. Wanajiolojia walioichunguza mipasuko ya nchi hiyo wanasema kwamba ile iliyopasuka mwaka 1887 ilikuwa imelala makumi ya maelfu ya miaka. Iko mingine kusini ya Tucson, chini ya milima ya Santa Rita, nayo imelala muda wa namna hiyohiyo. Hiyo si California. Huko California mpasuko wa San Andreas husogea katika maisha ya watu, babu akamsimulia mjukuu. Hata ndani ya Arizona, walio na sababu ya kuogopa zaidi ni watu wa Yuma, magharibi kabisa, karibu na mpaka wa California. Tucson hutikiswa mara chache, na aghalabu kwa mbali. Tarehe 28 Juni 2014 lilitokea tetemeko la ukubwa wa kama 5.3 karibu na mji mdogo wa Duncan, upande wa mashariki, na watu wa Tucson walilihisi. Waliulizana, wakalala.

Je, mwenye nyumba katika mji kama huo anahitaji bima ya tetemeko? Kabla ya kulijibu swali hilo inafaa kujua kwa nini makampuni yaliitenga bima hii mbali na ile ya kawaida. Nitaeleza kwa mfano wa kwetu. Sisi tuna vyama vya kufa na kuzikana. Kila kaya inatoa kidogo, na mwenye msiba anasitiriwa. Chama kinasimama kwa sababu hatufi wote siku moja. Siku ambayo kaya zote zitafiwa asubuhi moja, mweka hazina atafunga daftari na kwenda kulia kwake. Moto huteketeza nyumba moja, nyingine zikabaki kumchangia mwenye hasara, lakini tetemeko huja mlangoni kwa wanachama wote mara moja.

San Francisco ilionyesha jambo hili tarehe 18 Aprili 1906. Ardhi ilitikisika chini ya dakika moja, lakini moto uliofuata uliwaka siku tatu na kuharibu majengo yapatayo 28,000. Mikataba mingi ya bima ilikuwa ya moto, na haikulipia kuanguka. Ikawa kila nyumba inaulizwa: je, ilianguka kwanza ndipo ikaungua, au iliungua ikiwa imesimama? Majivu hayatoi ushahidi. Iko hata taarifa ya afisa mmoja wa jeshi kwamba aliambiwa na mzimamoto kuwa watu wanazichoma nyumba zao wenyewe, zile zilizokwisha kuharibika, ili walipwe. Makampuni mengine yalibishana hadi mahakamani, mengine yalifilisika. Cuthbert Heath, wa soko la bima la Lloyd's mjini London, aliagiza wateja wake walipwe kikamilifu bila kujali masharti ya mikataba, na sifa aliyoipata ilimlipa mara nyingi. Hata hivyo, sijamsikia mwingine aliyefanya hivyo baada yake.

Nafasi ya pili ya kujifunza ilikuja alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994, katika kitongoji cha Northridge, Los Angeles. Tetemeko la 6.7 liliyagharimu makampuni ya bima mabilioni ya dola, kuliko yote waliyokuwa wamekusanya kwa ajili hiyo kwa miaka mingi. Sheria ya California ilikuwa inawalazimisha wauzaji wa bima ya nyumba watoe pia nafasi ya bima ya tetemeko, basi wengi wakaamua kupunguza au kuacha kabisa kuuza bima ya nyumba. Mwaka 1996 jimbo likalazimika kuunda chombo chake maalumu cha bima hiyo. Hata huko, ambako ardhi hutikisika, wenye nyumba wengi hawaikati.

Nao wana sababu, ambayo binti yangu aliigundua kabla yangu, kwa kuwa yeye alisoma karatasi mara mbili. Katika bima hii kuna sehemu ya hasara ambayo mwenye nyumba hujibebea mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata senti, na sehemu hiyo haitajwi kwa kiasi cha fedha bali kwa asilimia ya thamani ya bima ya nyumba: aghalabu kumi, kumi na tano, au hata zaidi. Chukua nyumba iliyokatiwa bima ya dola 300,000. Asilimia 15 yake ni dola 45,000. Tetemeko likikupasulia kuta na kuangusha dohani, gharama ikawa dola 30,000, utapokea barua ya pole. Sasa linganisha na historia: yaliyoipata Tucson mwaka 1887, katika tetemeko kubwa kuliko yote yanayokumbukwa katika sehemu zile, yalikuwa nyufa na plasta. Yaani hasara iliyo rahisi kutokea ndiyo hasa ile ambayo bima hailipi.

Tena jangwa lina hatari yake nyingine, ambayo mgeni haifikirii. Mwanzoni mwa Oktoba 1983 mito ya Tucson, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, ilijaa kwa siku kadhaa. Mto Santa Cruz na mto Rillito ilikula kingo zake, na majengo yaliyokuwa salama jana yake yakawa yananing'inia juu ya maji kisha yakaanguka. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko pia. Bima yake ni mbali, na serikali ya Marekani iliianzishia mpango wake mwaka 1968. Kama ningekuwa mtu wa Tucson mwenye fedha za mkataba mmoja tu wa ziada, ningeuliza kwanza nyumba yangu iko umbali gani na mchanga ule.

Nadhani msomaji anaona ninakoelekea: kwa mwenye nyumba wa kawaida wa Tucson, hasa zile nyingi mpya za fremu za mbao, ambazo zikitikiswa hulia na kurudi mahali pake, sioni kosa akitia saini hapana. Ninaandika hivyo nikiwa nimeumwa na nyoka na ninaogopa ung'ongo.

Lakini binti yangu hana nyumba ya mbao.

Siku ya kwanza nilipofika kwake niliweka kiganja ukutani. Nilihisi ubaridi wa udongo, wakati nje jua lilikuwa likipika lami. Ni tofali bichi lilelile ambalo babu yangu alikuwa akifyatua, ila kubwa zaidi, na ukuta una unene wa mkono mzima hadi kwenye kiwiko. Nikamwuliza, "Mama, juu ya huu ukuta kuna lenta?" Hakuwa na uhakika. Tukapanda darini kwa ngazi, mimi na umri wangu, tukamulika tochi. Boriti za paa zilikuwa zimekaa juu ya udongo, zimekaa tu, kama mtu aliyeketi kwenye ukingo wa kitanda. Hapakuwa na lenta, wala kitu kilichozifunga na ukuta. Nyumba ile ilikuwa imeishi zaidi ya miaka mia kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeisukuma. Nikaikumbuka Bavispe.

Hapo tukatofautiana, yeye na mimi, na tofauti hiyo bado ipo. Mimi nasema: bima ni ya hasara usiyoweza kuibeba. Paa hili likishuka, nyumba imekwisha, na deni la benki litabaki limesimama wima. Akiba yake yote imo katika kuta hizi. Kwa mtu kama yeye, asilimia 15 ni maumivu, lakini asilimia mia ni kuanza maisha upya akiwa na miaka hamsini. Yeye anasema: Baba, kwa nyumba ya udongo wananitoza zaidi kuliko jirani mwenye nyumba ya mbao, na nikizikusanya ada za miaka michache nampata fundi wa kuifunga paa na ukuta. Bima itanilipa nikiwa nimeshafukiwa. Fundi atanizuia nisifukiwe.

Nilitafuta jibu kwa siku mbili, sikulipata la kuniridhisha. Nilisema tu kwamba afanye yote mawili. Akacheka, akasema mshahara wa muuguzi si wa kampuni ya bima.

Mwaka ule alitia saini hapana. Fundi alikuja majira ya baridi, mzee mmoja Mmeksiko aliyejua udongo, akafunga boriti kwa mbao ndefu zilizozunguka kuta zote na vyuma vya kupenya ukutani, chumba baada ya chumba kadiri fedha ilivyopatikana. Chumba cha nyuma, ambacho mimi hulala ninapokuwa kule, ndicho kilichokuwa cha mwisho. Usiku nilikuwa naweka viatu na tochi kando ya mlango, kama ninavyofanya kwangu tangu mwaka 2016. Aliviona, hakusema neno.

Karatasi ile huja kila mwaka mkataba unapohuishwa, na kila mwaka hunipigia simu kunisomea bei mpya. Mimi humwuliza habari za chumba cha nyuma. Mwaka jana aliniambia kimekwisha, na kwamba kampuni ikijua kuwa paa limefungwa huenda ikapunguza ada, naye atauliza. Mwaka huu bado hajanipigia.